Barua ya wazi kwa wakubwa wa Apple na Google: simu tumenunua sisi, mbona ufunguo mmebaki nao nyinyi

Kwenu wakubwa wa Apple na wakubwa wa Google, salaam.

Nawaandikia nyote kwa barua moja kwa sababu sioni wa tatu wa kumwandikia. Simu karibu zote duniani zinatembea na mfumo wenu, kama sio iOS basi ni Android, kwahiyo jambo mkilifanya nyinyi wawili, hata bila kukaa kikao, tayari limeshakuwa sheria kwa watu mabilioni na hakuna aliyewapigia kura. Mimi mifumo yote miwili nimeitumia, miaka kadhaa huku, miaka kadhaa kule, sasa hivi ninapoandika zote mbili ziko mezani, na sina timu. Ule ubishi wa ipi kali kuliko ipi nilishauacha zamani. Nina swali moja tu na kila mwaka naliona linazidi kuwa zito: mtu akishanunua simu, kalipa, risiti imetoka, nani mwenye neno la mwisho juu ya kinachoingia na kinachotoka kwenye ile simu?

Haki yenu niwape kwanza. Urahisi mliotuletea ni wa kweli kabisa. Anayekumbuka simu za kabla ya 2007 anajua, kuweka programu ilikuwa kazi ya fundi, unatafuta faili la .jar au .sis sehemu usiyoijua, unachomeka waya, unabahatisha, mara nyingi simu inagoma tu na hujui kwanini. Apple walipofungua duka lao Julai 2008, likiwa na apu kama 500 hivi, mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta maishani aliweza kubonyeza mara moja akapata kitu kinachofanya kazi. Leo mama yangu akibadilisha simu anaiweka mpya pembeni ya ile ya zamani, nusu saa baadaye picha zipo, namba zipo, mpaka ile picha ya wajukuu kwenye skrini ipo palepale. Na simu ikiibiwa, mwizi anabaki na kipande cha kioo, vilivyomo ndani havioni. Hayo sio madogo. Kuna wenzetu wa programu huria ambao wakiongea utadhani mtu anayependa urahisi ni mvivu au hajielewi, hapo siko nao. Mtu ana kazi, ana watoto, amechoka, anataka simu imwamshe asubuhi na impigie picha nzuri, hana deni kwa mtu yeyote.

Shida yangu ni kwamba mmeuza urahisi na ufunguo kwenye fungu moja. Anayetaka urahisi lazima ufunguo auache kwenu, na anayetaka ufunguo wake mnamfanya ateseke mpaka ajutie. Nasema mnamfanya, kwa sababu mateso yenyewe mengi hayatokani na teknolojia, yametengenezwa. Ngoja niwaeleze nilivyoligundua hilo.

Nilikuwa na simu ya Android ambayo aliyeitengeneza aliacha kuipa apdeti za usalama baada ya miaka mitatu hivi. Simu nzima, kioo hakina hata mkwaruzo, betri nilibadilisha, kamera safi. Nikaona kuitupa ni dhambi. Nikaamua kuifleshi LineageOS, mfumo wa watu wanaojitolea, umejengwa kwa kodi ileile ya Android iliyo wazi, kodi namaanisha maandishi ya programu, ulianza pale CyanogenMod, mradi wa namna hiyohiyo uliotangulia, ilipokufa mwisho wa 2016. Jumamosi nzima ikaenda. Nikafungua butiloda, lile kufuli linaloamua simu iwake na mfumo gani, simu ikafuta kila kitu kama inavyotakiwa, ikazima, ikawaka na ile nembo ikizunguka zunguka dakika nzima, mbili, tatu, mimi moyo unanidunda nikijua nimeshaiua, halafu ghafla ikafunguka. Nikaingia kwenye setingi nikakuta viraka vya usalama vya mwezi uleule. Simu iliyokuwa imeshatelekezwa. Nilifurahi jamani, siwezi kuficha.

Jumatatu nikafungua apu ya benki yangu, benki yenyewe siitaji. Ikaja skrini nyeupe na sentensi moja tu, kwamba kifaa hiki kimefanyiwa mabadiliko na kwa usalama wako huduma haiwezi kuendelea. Chini yake kitufe kimoja: Funga. Hakuna cha kubishana nacho, hakuna mahali pa kuandika, hakuna "naelewa, endelea". Nikaenda kabatini nikatoa simu nyingine ya ndugu yangu, kioo kimepasuka kona mpaka kona, apdeti ya mwisho ya usalama ina miaka minne. Nikaiwekea apu ileile ya benki ileile. Ikafunguka bila swali, ikaniomba pasiwedi, nikaona salio langu.

Nilikaa pale nimeshika simu mbili mikononi. Yenye viraka vipya imekataliwa, yenye matundu ya miaka minne imekaribishwa. Sasa usalama gani huo uliopimwa pale? Kilichopimwa ni kama simu bado iko chini ya aliyeiuza, basi.

Google, ukaguzi wa namna hii mnaoutoa nyinyi unaitwa Play Integrity, zamani ulikuwa SafetyNet. Apu inawauliza, hii simu ina cheti chenu? Mnajibu ndiyo au hapana na apu inafuata. Na walio nje ya cheti chenu sio wahuni peke yao. GrapheneOS kwa mfano, mfumo ambao wataalamu wa usalama wengi wanauheshimu, unawekwa kwenye simu zenu wenyewe za Pixel, bado kwenye ukaguzi ule mkali hauna nafasi kwa sababu tu sio mfumo mliouidhinisha nyinyi. Wakati Android yenyewe ina njia ya kuthibitisha kupitia chipu ambayo ingeweza kabisa kuiambia benki "huu ni GrapheneOS halisi, haujachezewa". Njia ipo. Tena mmeitengeneza nyinyi. Kwanini hamuwahimizi wenye apu waitumie, kwanini jibu rahisi mnalowapa mkononi ni lile la kufungia kila mtu nje? Hili ndilo la kwanza ninaloliomba kwenye barua hii, na kwa Google ndilo ninalolitaka kuliko yote.

Kwa sababu nyinyi Google mlianza kwa maneno mengine. Novemba 2007 mlipotangaza Android na ule muungano wa Open Handset Alliance, uwazi ndio ulikuwa bendera yenu, na ni kweli kodi ya Android mpaka leo iko wazi kwa leseni ya Apache, yeyote anaweza kuichukua. Lakini kidogo kidogo vitu vyenyewe vya maana vimehamia Play Services, programu yenu nyingine ya ndani ya simu, ambayo haiko wazi. Notifikesheni humo, lokesheni ya haraka humo, apu kibao zikikosa hiyo kitu zinakufa au zinayumba. Halafu 2025 mkahamisha kazi yote ya kuandika Android ikafanyika ndani kwa ndani, tunaona matokeo mkishamaliza, na Android 16 ilipotoka Juni mwaka huo zile faili za kusaidia mifumo mingine ikae kwenye Pixel zilizokuwa zikitoka kila mara hamkuzitoa, watu wa kujitolea wakaachwa wanapapasa gizani. Kila hatua mkiulizwa ina sababu yake nzuri. Ukizipanga hatua zote kwenye mstari unaona zinaelekea upande mmoja tu.

Sasa nije kwenye apu ya mdogo wangu, maana hii inawahusu nyote.

Macho ya mama yamechoka. Apu za kawaida hazioni tena, herufi hata uzikuze vipi zinamchanganya. Mdogo wangu, ambaye amejifunza kuandika programu mwenyewe tu usiku usiku, akamtengenezea apu. Ina vitufe vinne, vinajaza skrini nzima, manjano juu ya weusi. Kitufe cha kwanza kinanipigia mimi, cha pili kinampigia yeye, cha tatu kinampigia jirani. Cha nne mama akigusa kinamsomea saa, na sauti yenyewe sio ya roboti, ni mdogo wangu alikaa akajirekodi akitaja saa zote na dakika zote, kwahiyo mama akigusa anamsikia mtoto wake akimwambia "saa kumi na moja na robo jioni, mama". Akanitumia faili la APK, yaani faili la kuwekea apu ya Android, nikaliweka kwenye simu ya mama ya Android, ikauliza nina uhakika na chanzo hiki, nikasema ndiyo, ikaingia. Dakika mbili. Hiyo apu ina mtumiaji mmoja duniani kote na haitakaa iwe na wa pili.

Niambieni, hiyo apu inatakiwa ipite kwa nani?

Kwenye iPhone, mtu akitengeneza kitu kama hicho kwa akaunti ya bure ya divelopa, apu inakufa baada ya siku 7 mpaka aiweke upya kutoka kwenye kompyuta, na hawezi kuwa nazo zaidi ya 3 kwa wakati mmoja. Akitaka ikae lazima alipe dola 99 kila mwaka. Yaani mtoto awalipe Apple kila mwaka ili mama yake, kwenye simu iliyonunuliwa na mama yake, asikie saa. Simu ni yake, kodi kaandika mwanae, lakini bila nyinyi kuruhusu siku ya nane kitufe hakifanyi kitu. Hii kanuni imekaa miaka mingi na sijawahi kuona mkiielezea vizuri kwanini siku 7, inamlinda nani na nini.

Na Google, Agosti 2025 mkatangaza kwamba kwenye simu za Android zenye cheti chenu apu haitaingia mpaka aliyeiandika awe amejiandikisha kwenu na kuthibitishwa ni nani, hata kama apu yenyewe haipiti dukani kwenu kabisa. Mkasema inaanza Septemba 2026 Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, halafu kuanzia 2027 kwingine kote. Watu wakapiga kelele, F-Droid, ambao wana duka la programu huria tangu 2010, wakasema wazi kwamba hii inaweza kuwaua. Novemba mkalegeza, mkasema wanafunzi na wanaotengeneza kwa kujifurahisha watakuwa na akaunti zao nyepesi, na kutakuwa na njia maalum kwa watumiaji wenye uzoefu wanaokubali hatari. Nashukuru, kweli nashukuru, sio kila mkubwa anasikia akiambiwa. Lakini hilo neno "wenye uzoefu" linaniuma. Mama yangu hana uzoefu wowote na ndiye anayeihitaji ile apu kuliko mtu yeyote. Haki ya kuweka kitu kwenye simu yako isigeuzwe cheti cha mafundi.

Najua mtajibu nini, mtasema matapeli. Na kwenye hili sitaki kuwajibu kirahisi kwa sababu nimemwona mtu aliyeliwa hivyo, nilikaa naye usiku uleule, mikono inamtetemeka hawezi hata kushika glasi. Alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, akaambiwa akaunti yake iko hatarini, asikate simu, abonyeze hapa, akubali hapa, apakue hiki, na faili lile lilipoingia likaanza kusoma meseji zake zote zikiwemo zile namba za siri za kuthibitisha malipo. Ndani ya robo saa kila kitu kimeondoka. Kwahiyo mnaposema mmekuta programu hasidi zaidi ya mara 50 kwenye apu zinazotoka hovyo mtandaoni kuliko zile za duka lenu la Play, mimi sibishi.

Lakini angalieni utapeli wenyewe ulivyofanyika. Sumu ilikuwa kwenye ile simu isiyokatwa, kwenye haraka, kwenye mtu kuongozwa kitufe kwa kitufe huku akiogopa. Na dawa ya hapo hapo Google mmeshaitengeneza! Android 16 mtu akiwa anaongea na namba isiyo kwenye kontakti zake, simu inamzuia kuweka kwa mara ya kwanza apu iliyotoka nje ya duka, na inamzuia kutoa zile ruhusa hatari mpaka akate. Hii imenifurahisha sana nilipoisoma kwa sababu inaonesha kitu ambacho nimekuwa nikiwaambia watu muda mrefu, mtu unaweza kumlinda na ufunguo ukabaki mfukoni kwake. Ongezeni hapo. Wekeni kusubiri saa 24 kabla ya apu ngeni kusoma meseji. Wekeni onyo kwa lugha ya mtu mwenyewe, maneno ya kawaida, sio lile lisilo na kichwa wala miguu ambalo kila mtu analibonyeza bila kusoma. Mruhusuni mtu aseme, kwa simu hii ya mama, ruhusa ya kuweka apu mpya iwe kwa mwanae. Kazi ipo nyingi ya kufanya hapo kabla hamjafika kwenye kudai kitambulisho cha kila aliyeandika vitufe vinne.

Apple na nyinyi mna ushahidi wenu nyumbani. Mac. Kompyuta zenu mtu anaweka programu kutoka popote, siku zote imekuwa hivyo, tangu 2012 zina yule mlinzi Gatekeeper anayekagua na kuonya, na mwenye kompyuta akisema najua ninachofanya, inaingia. Mei 2021 mkuu wenu wa programu Craig Federighi alisema mahakamani kwamba kiwango cha programu hasidi kwenye Mac hakikubaliki kwenu. Sawa. Lakini Mac mnaendelea kuziuza kwa fahari, madaktari wanazitumia, wanahabari wanazitumia, wenye mabenki wanazitumia, na hakuna siku mmesimama jukwaani mkawaambia watu wasinunue ni hatari. Kwanini mtu yuleyule anaaminika akiwa mbele ya kompyuta yenu halafu akishika simu yenu hajui tena jema na baya?

Kuna jambo jingine kuhusu mlango mmoja na hili nawaomba mlisome taratibu. Mlango ukiwa mmoja, anayetaka kuufunga ana mtu mmoja tu wa kumtisha. Julai 2017 apu za VPN zikaondolewa kwenye duka la Apple la China. Oktoba 2019 ikaondolewa HKmap.live, ramani waliyokuwa wakitumia watu wa Hong Kong wakati wa maandamano. Septemba 2021 Urusi inaelekea kupiga kura, ile apu ya kambi ya Navalny, mpinzani wa serikali, ya kuelekeza watu wampigie nani ikaondolewa kwenye maduka yote mawili, lenu Apple na lenu Google, siku yenyewe kura zilipoanza kupigwa. Siwalaumu kwa kuogopa, mna wafanyakazi kwenye hizo nchi na wana familia. Ila tofauti ipo: mwenye Android aliweza kutafuta faili kwingine akaliweka, mwenye iPhone ilikuwa imeisha. Ndio maana mkizungumzia kufunga ule mlango wa pembeni kana kwamba ni tundu la panya la kuzibwa, mimi nasikia kitu kingine. Ule mlango wa pembeni unawalinda hata nyinyi, kwa sababu serikali ikijua kufunga duka lenu hakumalizi kazi, haina sababu kubwa ya kuwabana.

Mambo ya mahakama sitakaa nayo sana, mnayajua kuliko mimi na mna mawakili wa kutosha. Tume ya Ulaya iliwapiga Google faini ya yuro bilioni 4.34 mwaka 2018 kwa sababu ya Android, baadaye mahakama ikaishusha kidogo ikawa bilioni 4.125. Baraza la wazee wa mahakama Marekani Desemba 2023 likasema duka la Play ni ukiritimba haramu. Apple mkapigwa na Tume ya Ulaya yuro milioni 500 Aprili 2025, na mwezi huohuo jaji wa Marekani Yvonne Gonzalez Rogers akasema mlikaidi amri yake kwa makusudi. Kinachoniuma mimi ni namna mnavyofungua mlango mkilazimishwa. Machi 2024 sheria ya Ulaya ikawabana, mkaruhusu maduka mengine na injini nyingine za brauza, ila kwa Ulaya tu, na mkaweka na tozo ya nusu yuro kwa kila anayeweka apu ikishavuka watu milioni moja. Japani nao wakatunga sheria yao ikaanza kazi kikamilifu Desemba 2025, na wao mkawafungulia. Simu ni ileile, chipu ileile, mfumo uleule, ila uhuru unategemea umesimama upande gani wa mpaka. Kama kufungua kungekuwa hatari kiasi mnachosema mngeshatuonesha majeruhi wa Ulaya.

Wapo wanaoniambia, kama hutaki si uhame. Nihamie wapi? Windows Phone imekufa, na Microsoft walikuwa na pesa za kila namna. Firefox OS ilikuja 2013 haikudumu. Ubuntu Touch kampuni yake iliiacha 2017, wakaiokota watu wa kujitolea wa UBports na bado wanaisukuma kwa upendo tu. PinePhone ipo, Librem 5 ipo, nawaheshimu sana wanaozitumia kila siku, lakini apu ya benki haipo, apu ya kazini haipo, na jamaa zako wote wako kwingine. Huawei wenyewe, kampuni kubwa kiasi kile, walipokatiwa huduma za Google 2019 soko lao la nje ya China lilianguka mpaka wakaamua kujenga mfumo wao. Sasa mimi mtu mmoja na Jumamosi yangu moja ndio nihame?

Na hata kuhama kati yenu wawili ni kazi. Kwenye ile kesi ambayo Epic, kampuni ya magemu, iliwashtaki Apple zilitoka barua pepe za ndani za Apple, moja ya 2013 Federighi anasema kuleta iMessage, ile apu ya meseji ya Apple, kwenye Android kungeondoa kikwazo kwa familia zenye iPhone zinazotaka kuwapa watoto simu za Android. Kikwazo, na kinatajwa kama kitu cha kutunzwa. Mwaka 2022 mtu akasimama mbele ya Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, akasema video anazomtumia mama yake hazifiki vizuri kwa sababu mama ana simu ya aina nyingine, akaambiwa mnunulie mama yako iPhone. RCS, mfumo wa meseji unaofanya kazi kati ya simu za aina zote mbili, Apple mkaja kuiweka Septemba 2024 na video zikaanza kufika zikiwa safi. Kumbe iliwezekana.

Hili la kutoka ndilo linalonikaa moyoni kuliko yote, na ndilo ninalomalizia.

Baba kabla hajafariki alikuwa na tabia ya kujirekodi. Anasimulia mambo ya ujana wake, anaimba kidogo, anatoa maagizo ya shamba, anacheka mwenyewe. Alitumia ile apu ya kurekodi iliyokuja na simu, kampuni siitaji, na rekodi zake zipo 31. Tulipotaka kuzihamisha tukakuta bekapu inatoka kama faili moja kubwa ambalo linafunguka kwenye simu ya kampuni hiyohiyo tu, na apu yenyewe haina sehemu ya kutoa rekodi mojamoja. Nimejaribu kila nilichokijua. Mwisho nikaziweka simu mbili uso kwa uso mezani, moja inacheza nyingine inarekodi, nikafunga madirisha, tukakaa kimya nyumba nzima. Sauti ikatoka kama mtu anaongea ndani ya debe, na kwenye ya tisa pale anapocheka unasikia pikipiki inapita nje.

Kwahiyo ile simu bado ninayo. Betri haishiki tena, inawaka ikiwa kwenye chaji tu. Mama akitaka kumsikia baba naileta na waya wake, nachomeka ukutani, nasubiri iwake, namtafutia ile ya tisa, halisi, isiyo na pikipiki. Ninachowaomba nyote wawili ni mweke kwenye masharti ya mifumo yenu kwamba apu yoyote inayokuja na simu, iwe yenu iwe ya mtengenezaji, kile mtu alichokiweka kiwe na kitufe cha kukitoa, kwa faili la kawaida linalofunguka popote. Masharti ya kuwabana watengenezaji mnayo mengi tu, ongezeni na hilo. Na kabla ile simu ya baba haijazima moja kwa moja nitashukuru kupata jibu lenu.

Ni mimi,
mtumiaji wa mifumo yenu yote miwili